Muunganisho Hufa Vipi: Kompyuta Ikilala, Mtandao Ukiyumba, Umeme Ukikatika

Katika ofisi za Dodoma, kuanzia Mji wa Serikali wa Mtumba hadi vibanda vya kuchapa na kutoa kopi jirani na vyuo, maneno mawili yamebebeshwa mzigo mkubwa: "mtandao unasumbua." Faili limegoma kupakia, ni mtandao. Mfumo umekutoa na unadai nywila upya, ni mtandao. Umefungua laptopu baada ya chakula cha mchana ukakuta kila dirisha limeganda, ni mtandao. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ikadorora Tanzania na nchi jirani, kweli ulikuwa mtandao. Siku nyingine nyingi mtandao hauhusiki kabisa, na anayelaumu mtandao huishia kununua bando jipya ambalo halimsaidii chochote.

Tuanze kwa kutenganisha mambo matatu. Kasi ni kiasi cha data kinachopita kwa sekunde. Muunganisho ni makubaliano kati ya programu yako na seva kwamba mnazungumza. Kikao ni ruhusa uliyopewa na mfumo baada ya kuingiza nywila. Kasi ikishuka, kazi inakwenda polepole lakini inakwenda. Muunganisho ukifa, kazi iliyokuwa inapita humo inasimama. Kikao kikiisha, unatolewa nje hata kama intaneti yako ni safi. Makala hii inahusu zaidi hilo la pili, kwa sababu ndilo linaloeleweka vibaya kuliko yote.

Muunganisho ni kumbukumbu

Wengi huufikiria muunganisho kama uzi uliovutwa kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye seva, kwamba ukikatika sekunde moja basi yameisha. Si hivyo. TCP, itifaki (yaani kanuni za mawasiliano) inayobeba sehemu kubwa ya kazi za ofisini, haina uzi wowote inaoushika. Kompyuta yako inatunza namba nne: anwani yako ya IP, namba ya poti yako (mlango unaotumiwa na programu), anwani ya IP ya seva na namba ya poti ya seva. Seva nayo inatunza namba hizo hizo. Pande mbili zikiwa bado na kumbukumbu hiyo, na hakuna mwenye kitu cha kutuma, muunganisho unaweza kukaa kimya siku nzima bila pakiti (kifurushi cha data) hata moja kupita, na bado uko hai. Kebo ikichomoka mahali fulani huko njiani kwa dakika tano wakati wote mmenyamaza, ikirudishwa mtaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kwa hiyo muunganisho hauuawi na mkatiko wenyewe. Huuawa na mambo mawili: mmoja wa wanaotunza kumbukumbu kuifuta, au moja ya zile namba nne kubadilika. Na wanaotunza kumbukumbu si wewe na seva peke yenu.

Kampuni za simu huweka maelfu ya wateja nyuma ya anwani moja ya nje. Simu yako hupewa anwani ya ndani, mara nyingi inayoanza na 10, au iliyo kati ya 100.64 na 100.127. Katikati kuna kifaa kinachobadilisha anwani, na kazi yake inafanana na ya mlinzi wa geti la ofisi kubwa. Mtumishi wa ndani akituma barua nje, mlinzi anaandika kwenye daftari: chumba fulani kimemwandikia fulani, jibu likija lipelekwe huko. Daftari lina nafasi chache, hivyo mstari usioguswa muda mrefu hufutwa ili mwingine aandikwe. Jibu likifika baada ya mstari kufutwa, mlinzi hajui ampe nani, na analitupa. Mwandikaji na mwandikiwa wote wanaamini bado wanazungumza.

Mstari unakaa muda gani? Mwongozo wa kiufundi wa intaneti uitwao RFC 5382, wa mwaka 2008, unataka vifaa hivi vitunze muunganisho wa TCP uliokwisha kuanzishwa kwa muda usiopungua saa 2 na dakika 4. Vifaa vingi hufuta mapema zaidi, hasa kwenye mitandao ya simu ambako nafasi ni ghali. Hapo ndipo unapopata lile tatizo la ajabu: unaingia kwenye seva, unaacha dirisha wazi ukiongea na mgeni, unarudi na kubonyeza kitufe, hakuna jibu. Hukulala, mtandao haukukatika, umeme haukuzima. Ulinyamaza tu, na mstari wako ukafutwa.

Ukitumia hotspoti ya simu, walinzi ni wawili: simu yenyewe na kampuni. Na simu nyingi huzima hotspoti zenyewe zikiona hakuna kifaa kilichounganishwa kwa dakika kadhaa. Laptopu ikilala, simu inaona imebaki peke yake, inazima, na daftari lake lote linafutika. Kwenye mipangilio ya hotspoti ya Android kuna kipengele cha kuzima chenyewe. Kiondoe kama unategemea simu kwa kazi ya siku nzima.

Dawa ya kimya, na madhara yake

Dawa ya kimya ni kutuma kapakiti kadogo kila baada ya muda ili mstari usifutwe. TCP ina kifaa hiki ndani yake, lakini kwenye Linux, hata programu ikikiomba, kwa kawaida husubiri sekunde 7,200 za kimya kabla ya kutuma pakiti ya kwanza. Saa mbili. Kwa mtandao wa simu, muda huo ni mrefu mno. Ni bora programu yenyewe itume. Kwa mafundi wanaoingia kwenye seva kwa SSH (njia salama ya kuiamuru seva ukiwa mbali), mistari hii inawekwa kwenye faili la `~/.ssh/config`:

```
Host *
    ServerAliveInterval 60
    ServerAliveCountMax 10
```

Wanaotumia PuTTY, programu ya SSH ya Windows, waende kwenye sehemu ya "Connection" na kuandika 60 kwenye kisanduku cha "Seconds between keepalives". Kikiachwa 0, hakuna kinachotumwa. Anayehofia bando atulie: kwa kila sekunde 60, pakiti hizi hazifiki MB 1 kwa siku nzima.

Namba ya pili, ile 10, ndiyo inayopuuzwa, na hapo ndipo watu wanajiharibia. Ukiiacha bila kuiandika, SSH inatumia 3. Mtu anasoma mahali kwamba akiweka sekunde 15 muunganisho utakuwa imara zaidi, anaweka, na sasa pakiti tatu zisipojibiwa mfululizo, SSH inafunga muunganisho yenyewe. Sekunde 45 zinatosha. Mtandao ukiyumba dakika moja tu, ambayo TCP ingeivumilia bila shida, anakatwa na kinga yake mwenyewe. Pakiti hizi zinafanya kazi mbili zinazovutana: zinazuia mstari usifutwe, na zinagundua kifo. Ukitaka uvumilivu, muda kati ya pakiti uwe mfupi kiasi cha kumwahi mlinzi, lakini idadi ya kukosa jibu iwe kubwa. Kwa 60 na 10 unapata uvumilivu wa kama dakika kumi.

Kuna jambo jingine la kujua kuhusu mtandao unaoyumba. Pakiti isipojibiwa, TCP huituma tena, na kila mara husubiri karibu maradufu ya mara iliyotangulia, hadi kufikia sekunde 120 kwenye Linux. Maana yake, mkatiko ukiwa wa dakika kadhaa, mtandao unaweza kurudi na bado skrini yako ikabaki imeganda karibu dakika mbili, kwa sababu zamu ya kujaribu tena haijafika. Watu wengi hufunga dirisha katika dakika hizo hizo, wakaua muunganisho uliokuwa karibu kuzinduka. Kwa mipangilio ya kawaida ya Linux, data ambayo haijajibiwa huendelea kujaribiwa kwa kama dakika 15 kabla ya mfumo kukata tamaa. Subiri dakika mbili kamili kabla ya kuua chochote.

Kompyuta inapolala

Kulala si kuzimika kwa skrini. Skrini ikizima peke yake, kazi zote zinaendelea. Kompyuta ikilala, kichakataji kinasimama, na umeme unabaki wa kuhifadhi yaliyomo kwenye kumbukumbu tu. Zile namba nne bado zipo, lakini hakuna wa kujibu. Seva ikituma kitu, haipati jibu, inarudia, inarudia, na mwisho inafuta. Ukiamka baada ya hapo, kompyuta yako bado inaamini muunganisho upo. Inatuma, na seva inajibu kwamba haikujui. Kama seva haikuwa na cha kutuma na mlinzi hakufuta mstari, utaamka na kukuta kila kitu kinaendelea. Ndiyo maana siku moja laptopu inaamka salama na siku nyingine, baada ya usingizi wa muda ule ule, inaamka na kila kitu kimekufa.

Dhana iliyoenea mno ni kwamba laptopu mpya zikifunikwa zinaendelea kupakua. Imetokana na jambo lenye ukweli nusu. Kompyuta nyingi za sasa za Windows zina usingizi mwepesi unaoweza kushika mtandao. Fungua Command Prompt, andika `powercfg /a`, uone aina za usingizi zilizopo kwenye mashine yako. Ukiona "S0 Low Power Idle", ndiyo hiyo. Lakini hata hapo, programu za kawaida za mezani husimamishwa. Kinachoruhusiwa ni kazi chache za mfumo. Faili lako la GB 4 halimo.

Kama kuna kazi isiyopaswa kusimama, zuia usingizi kwa muda wa kazi hiyo. Kwenye Windows 11 nenda "Settings", "System", kisha "Power & battery", uweke muda wa kulala kuwa "Never" kwa wakati chaja iko ndani. Kifuniko kina mpangilio wake: "Control Panel", "Power Options", "Choose what closing the lid does", uchague "Do nothing". Ukishafanya hivyo, usiiweke laptopu kwenye begi ikiwa imefunikwa. Inaendelea kufanya kazi, joto halina pa kutokea, na kwa jua la Oktoba hapa Dodoma utaipika. Kwenye Mac, amri ya `caffeinate -i` huzuia kulala hadi uisimamishe, ila haizuii usingizi wa kufunga kifuniko. Kwenye Linux ipo `systemd-inhibit`.

Ipo pia sababu iliyojificha: Windows huweza kuzima kadi ya Wi-Fi peke yake ili kuokoa betri, kompyuta ikiwa macho. Kwenye "Device Manager", fungua kadi ya Wi-Fi, nenda "Power Management", ondoa alama kwenye "Allow the computer to turn off this device to save power". Baadhi ya mashine hazina ukurasa huo, ni kawaida.

Anwani inapobadilika

Umetoka kwenye Wi-Fi ya ofisi ukaingia kwenye hotspoti yako. Intaneti ipo muda wote, lakini anwani yako imebadilika, na kwa TCP huyo ni mtu mwingine kabisa. Miunganisho yote iliyokuwepo imekufa, hata kama zoezi lilichukua sekunde mbili.

Watu hudhani kuhama mnara kunafanya vivyo hivyo. Kwa kawaida, hapana. Anwani ya simu hutolewa katikati ya mtandao wa kampuni, si mnarani, kwa hiyo ukisafiri kwa treni ya SGR kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam, minara inabadilika njia nzima na anwani inabaki. Mahandaki ya Kilosa yanaleta kimya kifupi, na kimya kifupi tumeona kinavumilika. Kinachobadilisha anwani ni kuzima na kuwasha data, au kuweka simu kwenye hali ya ndegeni na kuirudisha. Yaani kile ambacho abiria wengi hukifanya "kuamsha mtandao" ndicho kinachoua miunganisho iliyokuwa bado hai.

Wahandisi wamelishughulikia tatizo hili kwa kuacha kumtambua mtu kwa anwani. Itifaki ya QUIC, iliyochapishwa kama RFC 9000 Mei 2021, huupa muunganisho namba yake ya utambulisho, kwa hiyo programu iliyojengwa kuitumia hivyo inaweza kuhama kutoka Wi-Fi kwenda data bila kuanza upya. Vivinjari vikubwa tayari vinatumia QUIC. WireGuard, aina ya VPN (njia ya siri inayopita ndani ya intaneti) iliyoingizwa kwenye Linux 5.6 mwaka 2020, humtambua mtu kwa ufunguo wake. Ukihama mtandao, anwani yako ya nje inabadilika lakini ile ya ndani ya VPN inabaki, na TCP inayopita ndani haijui kwamba umehama. Hapo weka `PersistentKeepalive = 25` upande wako, kwa sababu WireGuard inapita kwenye UDP, itifaki nyepesi isiyotunza muunganisho kama TCP, na mistari ya UDP hufutwa haraka zaidi, wakati mwingine baada ya nusu dakika.

Kwa hiyo swali la "VPN inasaidia mtandao usikatike?" halina jibu moja. VPN ya aina hiyo inasaidia kuhama. VPN inayojengwa juu ya TCP ikifa, inakufa na vyote vilivyomo ndani yake. Na hakuna VPN inayoongeza nguvu ya mnara.

Iweke kazi upande usiolala

Hadi hapa tumekuwa tukiulinda muunganisho. Kwa maoni yangu nguvu nyingi ziende kwenye jambo jingine: kupanga kazi ili kifo cha muunganisho kisiwe na hasara. WhatsApp hufanya hivyo kila siku. Ujumbe unakaa kwenye simu yako hadi ufike, kisha unakaa kwenye seva hadi simu ya mwenzako ipatikane. Miunganisho inakufa mara nyingi kwa siku na hakuna anayejua.

Kwa fundi wa seva, chombo cha kwanza ni tmux. Ukishaingia kwenye seva, andika `tmux new -s kazi`, kisha anza kazi ndani yake. Kazi hiyo sasa ni mali ya seva. Laptopu ikilala, ikiibiwa au ikizimika, kazi inaendelea. Ukirudi, `tmux attach -t kazi` inakurejesha palepale ulipoachia. Usihamishe hifadhidata wala usisasishe mfumo wa seva nje ya tmux. Kukatwa katikati ya sasisho kunaweza kuacha vifurushi vya programu nusu vimewekwa, nusu havijawekwa. Kinachoua tmux ni seva yenyewe kuwashwa upya.

Cha pili ni Mosh, iliyotoka chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2012. Huanza kwa SSH, kisha huhamia UDP, na seva humfuata mteja popote pakiti halali ya mwisho ilikotokea. Unaweza kufunika laptopu Ijumaa jioni ofisini na kuifunua Jumatatu asubuhi ukiwa kwenye mtandao mwingine, na dirisha likaendelea. Seva ifungue poti za UDP 60000 hadi 61000. Kuzisahau ndilo kosa linaloifanya Mosh igome mara ya kwanza. Haihifadhi maandishi yaliyopita juu ya skrini, hivyo itumie pamoja na tmux.

Kwa mafaili makubwa, tumia njia inayoendelea pale ilipoishia. `wget -c` na `curl -C - -O` huiomba seva itume kuanzia baiti fulani, nazo zinafanikiwa tu kama seva inakubali maombi ya aina hiyo. `rsync --partial` hutunza kipande kilichofika badala ya kukifuta. Kwenye mtandao wa ofisi wa Windows, `robocopy` yenye alama ya `/Z` hufanya hivyo pia, ingawa inapunguza kasi kidogo. Kunakili kwa kuburuta kwa kipanya hakuna uwezo huu.

Mifumo ya kwenye kivinjari na malipo

Hapa muunganisho mara nyingi hauna hatia. Mifumo mingi huhesabu dakika ulizokaa bila kubonyeza kitu, na zikifika kikomo inakutoa kwa usalama. Kuandika ndani ya fomu si lazima kuhesabike kama kubonyeza, kwa sababu seva haioni herufi hadi utume. Maelezo marefu ya zabuni au ya maombi ya kazi yaandike kwanza kwenye Word, kisha yanakili, na uhifadhi rasimu kila ukurasa kama mfumo unaruhusu.

Malipo yanahitaji uangalifu kuliko yote. Ukibonyeza "lipa" na ukurasa ukaganda, kuna uwezekano wa aina mbili ambao kwenye skrini yako unafanana: ombi halikufika, au ombi limefika, pesa imekatwa, na jibu ndilo lililopotea njiani. Kuwasha upya na kulipa tena ni kubahatisha kati ya hizo mbili. Tazama kwanza salio, SMS na hali ya ankara kwa namba yake ya malipo, upe dakika kadhaa, ndipo uamue.

Umeme wa ruta

Laptopu ina betri, ruta haina. Umeme ukipepesa kwa sekunde mbili, laptopu haitikisiki lakini ruta inaanza upya, inachukua dakika moja hadi tatu, daftari lake limefutika, na anwani ya nje huenda ikawa mpya. Kwa ofisi ndogo, UPS ndogo (betri ya akiba) ya ruta inaondoa mikatiko mingi kuliko mpangilio wowote wa programu niliotaja.

Kabla ya kununua, soma kibandiko cha ruta. Nyingi zinataka 12V na 1A au zaidi. Chache ni 9V. UPS itoe volti zile zile, ampea zisipungue, na ncha ya pini iwe na chanya na hasi upande ule ule. Usidanganyike na mAh, kipimo cha ujazo wa betri. UPS iliyoandikwa 8,800 mAh kwa kawaida huhesabiwa kwa betri za 3.7V, ambayo ni kama Wh 32. Ukitoa upotevu, kwa ruta inayokula W 8 utapata zaidi kidogo ya saa tatu. Kama unatumia intaneti ya nyuzi, kile kisanduku kidogo nyuzi inapoingia nacho kinataka umeme wake, mara nyingi 12V. Ukiacha kukiunganisha kwenye UPS, ruta itaendelea kuwaka, Wi-Fi itaonekana imejaa, na hakuna kitakachopita.